Nyumba Niliyoiruka

Kapata, Kolwezi
20 Juni 1993

Yaya Ngeleka,

Salamu kwako, mkubwa wangu, kwa shangazi Agnès, kwa mumewe Tata Tshimanga na kwa mdogo wako Darlène. Sisi tuko wazima. Tata wangu anakwenda ofisini kila asubuhi ingawa kampuni haina tena kazi ya kuwapa makarani. Anasema meza isiyo na mtu huchukuliwa. Mama amepanda mihogo mbele ya nyumba, pale palipokuwa na maua yake. Kaka Stany hakai tena na sisi. Amepata nyumba, safu ya sita.

Posta haifanyi kazi. Barua hii nampa Tata Kabongo, yule mashinisti wa treni, rafiki wa tata, ambaye ameahidi kuipeleka mpaka Kamina na kuikabidhi kwa mwenzake. Sijui utaisoma lini, wala kama mmefika Mwene-Ditu wote. Siku mlipopanda treni pamoja na watu wengine wa Kasai waliofukuzwa, nilikuwa nyuma ya ukuta wa gare, pale stesheni. Watu walikuwa wengi mno, sikuweza kusogea karibu.

Kompyuta yenu ni salama. Nimeifunga katika kitenge alichoniachia shangazi na kuiweka chini ya kitanda. Kaseti ya mchezo wa treni tuliouandika pia ipo. Shuleni bado wananicheka kwa sababu ya sikukuu ya Desemba. Sista Godelive alibonyeza kitufe kimoja tu na treni yetu ikaganda pale Tenke, mbele ya wazazi wote, hata tukalazimika kuzima televisheni. Nakumbuka ulivyosema tulipokuwa tunakunja nyaya: "Sisi watengenezaji tunabonyeza pale tunapojua. Mgeni anabonyeza popote. Tungeita wageni kwanza." Ndiyo maana Januari tukawaita watoto wa Kapata waje katika salon yenu, sebuleni, kuuharibu mchezo, na mimi nikashika daftari la wajaribu, lenye majina, nyumba na makosa waliyoyaona.

Naomba uniambie jinsi ya kurekebisha pale Tenke, njia inapogawanyika. Nataka niumalize, ili siku mtakaporudi muukute unatembea.

Kuna jambo jingine, lakini karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Tatiana


Mwene-Ditu
8 Agosti 1993

Mudogo wangu Tatiana,

Barua yako imenifikia jana, imelowa pembeni, lakini inasomeka. Wasalimu mujomba na mama. Waambie tumefika. Gare ya Kolwezi tulikaa wiki saba, na njiani siku kumi na mbili. Sasa tuko nyuma ya shule ya parokia, chini ya mahema, familia kando ya familia kama tulivyokuwa Kapata, ila bila kuta. Tata Tshimanga amekonda; anawafundisha watoto hesabu asubuhi. Mama ni yule yule. Watu wa hapa wanamuuliza kwa nini mwanamke wa kutoka mji wa Kabongo hakubaki kwao Katanga, naye anawajibu: "Niliolewa na mutu, sikuolewa na carte, na ramani." Hapo wanacheka, lakini hawasogei karibu.

Darlène ni mzima. Hakutuma salamu.

Kuhusu Tenke: mstari wa 340 wa programu unamuuliza mchezaji aende kushoto au kulia. Tulisahau kwamba anaweza kubonyeza kitu kingine. Ongeza mstari mmoja chini yake: kama si kushoto wala si kulia, muulize tena. Usimlaumu mchezaji. Muulize tena, hata mara mia.

Uliandika kwamba karatasi imekwisha. Upande wa nyuma wa karatasi ya pili ulikuwa mtupu.

Daftari la wajaribu liko wapi?

Hapa tunawasha moto wetu wenyewe.

Ngeleka


Kapata, Kolwezi
19 Septemba 1993

Yaya Ngeleka,

Mama alilia niliposoma kwamba mmefika, tata akatoka nje. Nasi tuna habari: shule imefunguliwa, lakini darasa letu sasa lina madawati mengi kuliko wanafunzi. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa Kananga, huko Kasai, kwa hiyo hesabu anatufundisha Sista Godelive, ambaye anachungulia kitabu kabla ya kila jibu. Unga wa kampuni hautolewi tena. Tunakula mihogo ya mama.

Tenke imepona! Niliongeza mstari kama ulivyosema, kisha nikaita wajaribu wapya. Walikuja tisa tu. Unakumbuka tulivyoandika mwanzo wa mchezo: kila mtoto anachagua gare ya kwao, pale babu yake alipopanda treni kuja kutafuta kazi Kolwezi, halafu analeta treni yake mpaka hapa. Safari hii walichagua Bukama, Kabongo, Kamina. Hakuna aliyechagua gare iliyo ng'ambo ya Kamina, upande wa Kasai.

Wameona kosa jipya. Mtoto mmoja wa mtaa wa Musonoi alifika Kolwezi akataka kugeuza treni. Treni ikapotea kwenye kioo, ikabaki reli peke yake. Nilitafuta katika mistari yote. Hatukuandika njia ya kurudi.

Daftari lipo. Usiwe na wasiwasi juu ya daftari.

Stany alipita Jumapili. Aliniona mbele ya kompyuta akasema, "Weye bado unacheza na ile masini ya bale batu?" Nikamwambia ni masini ya shangazi yetu. Akasema, "Shangazi alichagua yeye mwenyewe. Nilimuambia abaki." Akala, akaondoka.

Kwa nini mnawasha moto wenu wenyewe? Hapo hamna majirani?

Tatiana


Mwene-Ditu
7 Novemba 1993

Tatiana,

Tuko wazima. Tata Tshimanga ana homa, lakini bado anafundisha. Wasalimu wazazi.

Umeuliza kuhusu moto, nikujibu. Kapata mama alipotaka kuwasha mbabula yake, lile jiko la makaa, alimtuma Darlène kwa jirani yetu Mama Kazadi na kipande cha kopo, akaletewa makaa mawili yanayowaka. Kesho yake Mama Kazadi alimtuma mtoto wake kwetu. Unajua ilivyokuwa, wewe mwenyewe umebeba makaa hayo. Hapa akina Kazadi wako hema la tatu kutoka kwetu. Hawaji kuchukua moto kwetu. Darlène alikwenda kwao mara moja na kopo lake, akarudi nalo tupu.

Sababu ni hii. Vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai walipopita Kapata mwezi wa tatu, walikuwa na karatasi. Walibisha kwa Tata Kazadi wakasema, "Kazadi wa Luputa, toka." Yeye akawaambia kwamba Kazadi wako wengi, hata mji wa Kabongo wako, na kweli jina ni moja kwa Baluba wote wa Katanga na wa Kasai, miaka ishirini watu walidhani yeye ni wa Kabongo. Lakini karatasi iliandikwa Luputa, kule Kasai. Katika kusukumana ile karatasi ilianguka, naye akaikanyaga mpaka walipoondoka. Anayo mpaka leo, ndani ya Biblia yake.

Ina nyumba kumi na moja. Zote ni za watoto waliokaa katika salon yetu kujaribu mchezo. Pembeni imeandikwa namba ya nyumba na gare ya kwao. Nyumba yetu haimo. Sisi tulifukuzwa wiki mbili baadaye na watu wengine ambao hawakuhitaji karatasi.

Basi watu wamehesabu. Wanasema: mchezo ulikuwa wa Ngeleka, watoto waliitwa na Ngeleka, karatasi imewataja wote isipokuwa baba yake Ngeleka. Tshimanga aliwauza wenzake ili aachwe. Hawatupigi. Wanatupita tu. Mama anawasalimia kila asubuhi, na kila asubuhi wanatazama ndoo zao.

Mi sikuuliza daftari kwa sababu ya mchezo.

Ngeleka


Kapata, Kolwezi
12 Desemba 1993

Yaya Ngeleka,

Salamu kwa wote. Natumaini homa ya Tata Tshimanga imeshuka. Nimeandika barua hii mara nne, na tatu nimezitia katika mbabula.

Ni mimi niliyeandika karatasi ile.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, baada ya chakula. Stany alilikuta daftari juu ya meza. Nilipoingia alikuwa amekwisha kutia alama za penseli nyekundu. Akaniambia, "Tatiana, muandiko yako ni ya Basista. Uniandikie hii liste muzuri, bale tu niliotia alama." Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Tournoi, mashindano ya mupira. Batoto ba huku na batoto ba kule." Nikafurahi. Yaya, nataka ujue na hilo: nilifurahi kwamba ameusifu mwandiko wangu, nikachukua rula na kalamu ya wino.

Nilipofika jina la nne nikaona alama zote ziko kwenye gare zilizo ng'ambo ya Kamina. Luputa, Mwene-Ditu, Kananga. Kati ya wale kulikuwa na wasichana watano, na mmoja ana mguu mbovu. Mpira gani huo? Lakini sikuuliza tena. Niliogopa jibu, na karatasi ilikuwa inapendeza.

Kisha nikafika kwa Darlène. Yeye ndiye mjaribu namba moja, unakumbuka alivyogombana ili awe wa kwanza, lakini alama yake niliikuta mwisho kwa sababu nilianza kutoka chini. Darlène Tshimanga, Mwene-Ditu, na namba ya nyumba yenu. Hilo sikuliandika. Nikafunika daftari, nikampa Stany karatasi.

Akahesabu kwa kidole. "Nilitia alama kumi na mbili. Ingine iko wapi?" Nikasema labda alihesabu vibaya. Akanitazama, akacheka. "Ya shangazi? Basi, iache."

Kwa miezi tisa nimejiambia kwamba sikujua. Nimeungama kwa padri kwamba niliandika orodha bila kujua. Lakini kama nilidhani ni mpira, kwa nini niliwaruka ninyi? Nilijua. Nilijua kiasi cha kuwaokoa ninyi, kisha nikawaacha wengine kumi na mmoja kwa mwandiko mzuri. Sasa unaniambia hata huko kuwaokoa ndiko kumewafunga.

Nyumba anayokaa Stany ni ya akina Kazadi. Nimeingia mara moja. Kwenye fremu ya mlango bado kuna mistari ya penseli waliyopimia urefu wa watoto.

Tuliwaomba watu waje kuuharibu mchezo ili tuone kosa liko wapi. Hatukumwomba mtu yeyote atuambie mtu mbaya angefanya nini na daftari. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko Tenke, nami nililishika mkononi kila siku.

Tafadhali, ukisha kusoma, choma barua hii. Stany ni kaka yangu, na ninaishi hapa.

Tatiana


Mwene-Ditu
23 Januari 1994

Mudogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Homa ya tata imeshuka. Tumeliezeka hema kwa nyasi, mvua haituingilii tena.

Sikuichoma.

Nilijua. Pale gare ya Kolwezi, siku ya pili, Tata Kazadi aliwaonyesha watu karatasi, na Darlène akapenya katikati ya miguu yao akaiona. Alirudi kwangu akaniambia sikioni: "Ni ya yaya Tatiana. Namba saba yake ina mkanda katikati, na amepiga mistari ya rula." Nikamkataza asimwambie mtu, hata mama. Wewe ni mtoto wa kaka yake. Nilifikiri nikitaja jina lako mama atakuwa amefukuzwa mara ya pili, na safari hii na ndugu zake mwenyewe.

Kwa hiyo tumenyamaza, tukakusubiri. Nilikuandikia habari za mstari wa 340 huku nikisoma kila sentensi yako kutafuta nyingine. Na mi pia nina langu: gare ya kwao niliibuni mimi. Nilitaka kila mtoto ajivune. Sikufikiri kwamba nawapanga mstari.

Ila nimechoka kuwa na siri ambayo inawalisha watu uongo juu ya baba yangu. Anawafundisha watoto wao bure, nao wanamwambia asante bila kumtazama.

Barua yako ya Desemba uliniandikia mimi, sitaisoma mbele ya watu. Nataka nyingine. Iandike kwa zile familia kumi na moja, kwa mkono ule ule, utie jina lako na namba ya nyumba yenu. Tata Kazadi ataiweka pembeni ya ile aliyonayo aone mwandiko mmoja. Najua ninachokuomba. Baadhi yao wana ndugu ambao bado wako Kolwezi, na maneno yanatembea. Ukikataa, sitakuandikia tena, si kwa hasira. Sitakuwa na la kusema.

Darlène ameuliza kama umejibu. Ni mara ya kwanza ametaja jina lako.

Ngeleka


Kapata, Kolwezi
20 Februari 1994

Yaya Ngeleka,

Wasalimu wote. Mama anapeleka kitambaa kwa shangazi, kimo ndani ya mfuko.

Kabla ya kuandika nilikwenda safu ya sita. Nikamwambia Stany, "Nitawaandikia watu wa Kasai juu ya ile liste. Jina lako litakuwemo." Alikuwa anarekebisha baiskeli. Akauliza, "Na yako?" Nikasema, "Yangu ndiyo ya kwanza." Akasema, "Weye, Basista balikuharibu kabisa." Nikangoja anipige. Akazungusha gurudumu, likazunguka mpaka likasimama lenyewe, ndipo akauliza, "Ule Tata Kazadi iko muzima?" Nikamwambia ni mzima.

Tata aliisoma karatasi yangu mara mbili, akavua miwani. "Karani haandiki karatasi bila kuuliza inakwenda wapi," akasema. "Hilo mi sikukufundisha." Kisha akaikunja na kuipeleka kwa Tata Kabongo kwa mikono yake.

Hii ndiyo. Nimeiandika kama tulivyowafundisha wajaribu, maana sijui namna nyingine ya kusema kosa bila kulipamba.

"Kwa familia kumi na moja za Kapata mlioko Mwene-Ditu.

Nilifanya nini: Mimi Tatiana Kisimba, mwenye miaka kumi na tano, nyumba 217, safu ya pili, nilinakili majina ya watoto wenu kutoka daftari la mchezo, pamoja na namba za nyumba na gare ya kwenu, nikampa kaka yangu Stany Kisimba. Ngeleka hakujua. Tata Tshimanga hakujua. Hakuna mtu wa nyumba yao aliyeuza mtu.

Nilitegemea nini: Nilisema moyoni ni mpira. Nilipoelewa kwamba si mpira niliendelea kuandika. Nyumba ya shangazi yangu niliiruka kwa sababu nilielewa. Ninyi sikuwaruka.

Niliona nini: Niliona madawati matupu. Niliona watu kwenye gare na nikasimama nyuma ya ukuta.

Sina la kuwarudishia. Linganisheni mwandiko. Watoto wenu waliandika makosa ya mchezo wangu kwa uaminifu, na hili ndilo kosa langu, naliandika mimi mwenyewe."

Daftari limo ndani ya mfuko, chini ya kitambaa. Ni lenu.

Tatiana


Mwene-Ditu
10 Aprili 1994

Mudogo wangu Tatiana,

Asante kwa kitambaa. Mama amekifunga kichwani siku hiyo hiyo. Wasalimu mujomba, mwambie kwamba Tata Tshimanga anasema karani mwenzake bado ana mkono mzuri wa kukunja barua.

Nilimsomea mama kwanza, peke yake. Alisema, "Mutoto wa kaka yangu," na sikujua kama ni lawama au ni huruma. Jumapili baada ya misa nikawasomea wote. Mama mmoja alilia. Mwingine alitukana, alikutukana wewe na kizazi chako, na sikumkatiza. Tata Kazadi alitoa karatasi yake katika Biblia, akaiweka juu ya magoti karibu na yako, akatazama saba, akatazama mistari ya rula. Akazikunja zote mbili pamoja. Kwako hakutuma neno, nami sitalibuni.

Watoto wao walilifungua daftari palepale, wakaanza kubishana nani aliona kosa la Tenke kwanza.

Jana asubuhi mama alikuwa anapuliza mbabula. Mtoto wa mwisho wa Mama Kazadi alikuja akasimama mbele ya hema letu, ameshika kipande cha kopo. Hakusalimu. Mama akamtilia makaa matatu.

Nimeanza kuandika njia ya kurudi. Inahitaji mistari mingi kuliko ile ya kuja. Nitakutumia nikimaliza, uijaribu.

Darlène amekaa hapa karibu yangu, anasoma kila neno ninaloandika. Nimemuuliza kama anataka kutuma salamu. Anasema bado. Anasema nikuambie hivi tu: katika daftari yeye ni namba moja, na usimruke tena.

Ngeleka